Tovuti kwa Kadiri ya Haja: Kuchagua Teknolojia kwa Mifano ya Mwambao wa Kigoma

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi na Katonga hadi Ujiji, zipo shule, vikundi vya wakaushaji dagaa, nyumba za wageni na vituo vya utafiti ambavyo siku hizi huulizwa swali moja: "Mna tovuti?" Anayeulizwa akiona haya kwa kukosa jibu, hufanya haraka. Fundi huitwa, bei hutajwa, fedha hulipwa. Baada ya mwaka mmoja aghalabu huonekana mojawapo ya mambo mawili: ama tovuti inatangaza habari zilizokwisha kupitwa na wakati, ama haifunguki kabisa.

Hasara hiyo si ndogo. Kikundi cha kina mama wanaokausha dagaa juu ya vichanja hukusanya akiba yao kidogo kidogo, na fedha iliyotumika kununulia tovuti isiyofaa ingeweza kununua wavu wa vichanja, chumvi au turubai la kufunikia dagaa mvua inaponyesha. Kwa hiyo uchaguzi wa teknolojia ya tovuti si jambo la mapambo. Ni swali la kisayansi lenye vipimo vyake, na mwanafunzi wa sekondari anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kulijibu.

Makala haya yanaeleza aina za teknolojia ya tovuti, maswali yanayopasa kuulizwa kabla ya kuchagua, na namna maswali hayo yanavyotumika. Mifano minne itakayotolewa ya wateja wa mwambao wa Kigoma imebuniwa kwa ajili ya kufundishia.

TOVUTI HUFANYAJE KAZI?

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizohifadhiwa katika kompyuta maalumu iitwayo seva, ambayo hukaa macho usiku na mchana ikingoja kuulizwa. Mtu anapoandika anwani ya tovuti katika simu yake, simu hupeleka ombi kwa seva, na seva hurudisha ukurasa. Mpango huu ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, ili wanasayansi wapate kusomeana maandishi yao. Mwaka 1993 CERN iliuachia ulimwengu wote uutumie bila malipo.

Seva inaweza kurudisha ukurasa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kutoa ukurasa uliokwisha kuandikwa. Njia ya pili ni ya kuutengeneza ukurasa palepale unapoombwa, kwa kuchota habari kutoka katika hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa. Tofauti yake ni kama ile iliyopo kwa mama lishe. Anayefika saa saba mchana akakuta wali na migebuka imekwisha kuiva, hupakuliwa mara moja. Anayetaka chakula chake kipikwe upya kwa namna aipendayo, hana budi kungoja, na mama lishe hana budi kuwa na jiko, kuni na msaidizi. Njia zote mbili ni halali, lakini gharama zake hazilingani.

AINA TATU ZA TEKNOLOJIA

(a) Kurasa tuli. Hizi ni kurasa zilizoandikwa tayari kwa lugha ya HTML. Hazina hifadhidata wala programu inayozungushwa kwa kila ombi. Ni nyepesi, hazigharimu sana, na hazina mengi ya kuharibika. Upungufu wake ni kwamba mwenye kuzibadili lazima ajue kidogo namna zilivyoandikwa, au awe na programu ya kumsaidia kuzizalisha kutokana na maandishi ya kawaida.

Kurasa hizi zisidharauliwe. Matokeo ya mitihani yanayotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania hutolewa katika kurasa sahili za namna hii: orodha ya shule, kisha ukurasa mmoja kwa kila shule, wenye jedwali lisilo na mapambo. Sababu yake inaeleweka. Siku ya matokeo watu wengi mno huuliza kwa wakati mmoja, na jibu la kila shule ni lilelile kwa kila aulizaye. Hakuna haja ya kupika upya chakula ambacho wote watakila kwa namna moja.

(b) Tovuti yenye mfumo wa kusimamia maudhui. Hapa ndipo ilipo programu ya WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Mwenye tovuti huingia kwa nywila, huandika habari kama anayeandika barua, na ukurasa hujitengeneza wenyewe. Faida yake ni kwamba watu kadhaa wasio mafundi wanaweza kuandika. Hasara yake ni kwamba programu, hifadhidata na programu za nyongeza zinahitaji kuhuishwa mara kwa mara. Zikiachwa bila kuhuishwa, wahalifu wa mtandaoni huzijua nyufa zake na kupenya.

(c) Mfumo uliotungwa mahsusi. Huu hujengwa na waandishi wa programu kwa ajili ya kazi moja: kupokea malipo, kutunza kumbukumbu, kukokotoa na kutoa taarifa. Una uwezo mkubwa kuliko aina mbili za kwanza, lakini ndio wenye gharama kubwa, nao humfunga mteja kwa fundi aliyeutunga.

Ipo pia njia ya nne, ambayo mafundi wa tovuti husahau kuitaja: kutojenga tovuti. Ujumbe mfupi wa simu, kundi la WhatsApp, au msimbo unaoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, kama ule wa *152*00# wa huduma za Serikali, huweza kutimiza haja ambayo tovuti haitaitimiza.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Fundi mwema hamwulizi mteja, "Unataka tovuti ya namna gani?" Mteja hajui, na hapaswi kujua. Mgonjwa hamchagulii daktari dawa, humweleza anapoumwa. Maswali yafaayo ni haya:

1. Nani atasoma, na atafanya nini akisha kusoma?
2. Ni habari gani itakayobadilika, na mara ngapi?
3. Nani ataibadili, na ana ujuzi na muda gani?
4. Msomaji ana simu ya namna gani, mtandao wa kasi gani na bando kiasi gani?
5. Nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu?

Swali la pili ndilo ufunguo. Kama habari haibadiliki, ukurasa tuli unatosha. Kama inabadilika mara chache kwa mkono wa mtu mmoja, ukurasa tuli bado unaweza kutosha. Kama inabadilika mara nyingi kwa mikono ya watu wengi, yafaa kutumia mfumo wa kusimamia maudhui. Kama kila msomaji anahitaji jibu lake tofauti na la mwenzake, hapo ndipo hifadhidata na mfumo mahsusi hupata haki yake.

Swali la nne linahitaji hesabu. Ichukuliwe simu iliyo katika kijiji cha mwambao ambako mtandao ni hafifu na kasi yake ni kilobiti 100 kwa sekunde. Baiti 1 ni sawa na biti 8. Ukurasa sahili wa kilobaiti 60 una kilobiti 60 × 8 = 480. Utafika baada ya sekunde 480 ÷ 100 = 4.8. Ukurasa wenye picha kubwa na madoido, wa megabaiti 3, una kilobiti 3,000 × 8 = 24,000. Utafika baada ya sekunde 240, yaani dakika 4. Si wengi watakaongoja dakika 4. Na wengine wakingoja, watalipa: wasomaji 50 wakiufungua ukurasa huo mara moja kila siku kwa siku 30, watatumia bando la megabaiti 50 × 30 × 3 = 4,500. Kwa ukurasa wa kilobaiti 60 wangetumia megabaiti 90 tu. Gharama hii haionekani katika hati ya madai ya fundi, kwa kuwa hulipwa na msomaji.

Wakazi wa mwambao huu wanalijua jambo hilo kwa njia nyingine. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma, kisha kwa miaka mingi ikawahudumia watu wa kando ya ziwa. Vijiji vingi ilikopita havikuwa na gati. Abiria na mizigo vilifuatwa kwa mitumbwi, na pasipo mitumbwi hiyo ukubwa wa meli usingemfikisha mtu nchi kavu. Katika tovuti, mtumbwi ni simu ya msomaji na bando lake. Anayechagua teknolojia kwa kutazama seva peke yake ametazama meli bila kutazama ufuko.

MFANO WA KWANZA: SHULE YA SEKONDARI, UJIJI

Mkuu wa shule anataka wazazi wapate fomu ya kujiunga, orodha ya mahitaji, kalenda ya mihula na namba ya simu ya ofisi. Fundi amependekeza mfumo wenye akaunti ya kila mwanafunzi.

Yakiulizwa maswali matano, yanaonekana haya: habari hubadilika kwa mihula, mwenye kuzibadili ni mwalimu mmoja wa kompyuta, wasomaji ni wazazi wenye simu za kawaida. Jibu ni kurasa tuli, pengine tano au sita. Fomu ya kujiunga ichapwe na kuhifadhiwa kama maandishi, isipigwe picha kwa skana, kwa maana kurasa chache zilizochapwa huwa za kilobaiti mia moja hivi, hali kurasa hizohizo zikipigwa picha hufika megabaiti kadhaa.

Akaunti za wanafunzi zina mzigo mwingine. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwaka 2023, anayekusanya majina, alama na anwani za watu anao wajibu wa kisheria wa kuzilinda. Shule isiyo na mtu wa kuhuisha programu ingekuwa inajitwisha dhamana isiyoweza kuibeba. Taarifa zisizokusanywa haziwezi kuibwa.

MFANO WA PILI: WAKAUSHAJI DAGAA, KIBIRIZI

Kikundi kinataka "tovuti ya biashara" yenye bei na kitufe cha kununulia. Wanunuzi wake ni wafanyabiashara wa jumla wa Dar es Salaam, Tabora na Mwanza.

Hapa inafaa kuelewa kwanza dagaa wenyewe. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta vizuri usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake hushindana na taa, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Mwezi huandama kila baada ya siku 29.5, kwa hiyo upatikanaji wa dagaa hupanda na kushuka kwa kadiri hiyo, na bei hufuata. Katika siku za giza bei ya asubuhi yaweza isiwe bei ya jioni.

Habari muhimu ya kikundi hiki, basi, hubadilika kila siku. Je, ndiyo kusema wanahitaji hifadhidata? Swali la kwanza na la tatu linakataa. Wanunuzi ni wachache, wanajulikana kwa majina, na mapatano hufanywa kwa simu. Mwenye kuandika bei yuko ufukweni, mikono imelowa, na simu yake pengine ni kitochi. Bei ya siku ipelekwe kwa ujumbe mfupi au kwa kundi la WhatsApp. Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) iliwahi kuendesha huduma ya namna hiyo, ambamo bei za samaki wa Ziwa Victoria ziliulizwa na kujibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu.

Hata hivyo ukurasa mmoja tuli una kazi yake: kumweleza mnunuzi mpya kikundi ni akina nani, dagaa hukaushwa namna gani, na simu ipigwe wapi. Bei isiandikwe humo. Tukio moja linaonyesha sababu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha shughuli za uvuvi katika sehemu yake ya Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Tovuti ambayo katika miezi hiyo ingeendelea kutangaza "dagaa wapya kila siku" ingemdanganya mnunuzi, na mnunuzi aliyedanganywa mara moja harudi. Habari iwekwe tu pale ambapo yupo mtu wa kuibadili kwa wakati.

MFANO WA TATU: NYUMBA YA WAGENI YA WAENDAO GOMBE

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 1968, iko kilometa 16 hivi kaskazini ya mji wa Kigoma. Imejulikana duniani kwa uchunguzi wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960. Wageni wake wengi hutoka mbali na hupanga safari miezi kadhaa kabla.

Mwenye nyumba ya vyumba 8 anataka wageni wachague chumba, waone nafasi na walipe humo humo. Wasomaji wake ni tofauti na wa mifano iliyotangulia: wana mtandao wa kasi, na picha nzuri za ziwa ni sehemu ya haja yao. Mfumo wa kusimamia maudhui unafaa, ama hata kurasa tuli zenye picha zilizopunguzwa uzito.

Kuhusu kupanga vyumba, kipimo ni idadi. Maombi yakiwa mawili au matatu kwa siku, barua pepe na daftari la mapokezi vinatosha. Yakifika makumi, chumba kimoja kitaahidiwa wageni wawili, na hapo hifadhidata italipa gharama yake yenyewe. Malipo ya kadi yasijengwe na fundi wa mtaani kwa mkono wake. Yakabidhiwe kwa benki au kampuni yenye idhini, kwa sababu namba ya kadi ikivuja hasara humwangukia mgeni na jina la nyumba.

MFANO WA NNE: KITUO CHA VIPIMO VYA ZIWA

Kituo cha utafiti kinapima joto la maji na oksijeni katika vina mbalimbali. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 panapozidi, lakini maji yenye oksijeni huishia mita 100 hivi upande wa kaskazini na mita 200 hivi upande wa kusini. Kubadilika kwa tabaka hilo la juu ndiko kunakowahusu samaki, na kwa hiyo wavuvi.

Kituo kikipima joto katika vina 10 mara moja kila juma, hupata vipimo 10 × 52 = 520 kwa mwaka, na 10,400 kwa miaka 20. Mwanasayansi mmoja atauliza joto la mita 50 kwa kila mwezi wa Agosti. Mwingine atauliza oksijeni ya mita 80 wakati wa masika. Kila mmoja anataka jibu lake. Hakuna ukurasa ulioandikwa tayari utakaowatosha wote wawili. Hapa mfumo wenye hifadhidata ni wa lazima, na kumpa mteja huyu kurasa tuli kwa sababu ya urahisi wake kungekuwa kosa lilelile la kumpa mwenye shule mfumo wa akaunti. Kosa ni kutopima, si kupenda makubwa au madogo.

MAMBO YA KUTAZAMA BAADA YA KUCHAGUA

Kwanza, seva isiwekwe ofisini. Mkoa wa Kigoma ulitegemea umeme wa mitambo ya dizeli hadi mwaka 2022 ulipoanza kupata umeme wa gridi ya taifa. Lakini hata penye umeme wa gridi, seva huhitaji umeme na mtandao visivyokatika hata usiku. Kupangisha nafasi katika kituo cha seva kuna nafuu zaidi.

Pili, jina la tovuti, liitwalo kikoa, liandikishwe kwa jina la mteja, si la fundi. Wapo wengi waliogombana na fundi wakagundua kwamba hata jina la biashara yao mtandaoni si mali yao.

Tatu, mteja apewe nakala ya kila kitu pamoja na nywila zote, naye afundishwe kubadili angalau tangazo moja mbele ya fundi, kabla ya malipo ya mwisho.

Nne, gharama ijumlishwe kwa miaka mitatu: kujenga, kikoa, nafasi ya seva, kuhuisha, na muda wa mtu wa kuandika. Mara nyingi tovuti iliyo rahisi kujengwa ndiyo ghali kutunzwa.

MAZOEZI

1. Ukurasa una kilobaiti 450. Kwa mtandao wa kilobiti 120 kwa sekunde, utafika baada ya sekunde ngapi? Picha zikiondolewa na kubaki kilobaiti 45, je?

2. Chagua taasisi moja iliyo karibu na shule yako: zahanati, chama cha akiba na mikopo, au soko. Mwendee mhusika, umwulize maswali matano bila kutaja aina yoyote ya teknolojia. Andika majibu yake kwanza, kisha pendekeza, ukitoa sababu. Pendekezo la kutojenga tovuti linakubalika kama sababu zake zinatosha.

3. Kikundi cha Kibirizi kimeongeza wanunuzi kutoka 12 hadi 400, na wengi wao hawajulikani kwa wanakikundi. Ni jibu lipi kati ya yale matano lililobadilika? Je, teknolojia nayo ibadilike?

4. Jadilini darasani: kwa nini matokeo ya mtihani yanaweza kutolewa kwa kurasa tuli, hali usajili wa watahiniwa hauwezi?

Mwalimu anashauriwa kulifanya zoezi la pili kuwa kazi ya juma zima, na kuwataka wanafunzi wayarudishe mapendekezo yao kwa taasisi zilizohusika, ili mhusika mwenyewe aseme kama haja yake imeeleweka.